Jicho la Mpita Njia

Kutembea katika ardhi na kutazama ni jambo lililosifiwa tangu zamani, na wenye hekima wameliita mlango wa elimu. Lakini je, kila atazamaye huwa ameona?

Tuchukue mfano wa Lisbon, bandari ya Ureno iliyojengwa juu ya vilima kando ya mto Tagus. Meli ya kitalii hufunga gati asubuhi chini ya mtaa wa Alfama, na jioni hung'oa. Katika saa nane hivi abiria hupanda tramu nambari 28 ikikwaruza kona za vichochoro, huifikia ngome ya São Jorge, hutazama mapaa mekundu, hupiga picha, hula, hurudi. Usiku atasema mji wa Lisbon ameuona. Hatusemi amekosa, magoti yamemuuma kwa ngazi, na starehe ya halali haina lawama.

Hata hivyo, jina la mtaa alioupita lina asili ya Kiarabu, na mji huo ulikuwa mikononi mwa Waislamu karibu miaka 400, mpaka ulipotekwa mwaka 1147. Na katika jumba la makumbusho ya sanaa za kale mna chombo cha dhahabu cha ibada ya kanisani, kiitwacho Custódia de Belém, kilichotimia mwaka 1506. Ufundi wake ni wa ajabu, na asiyekiri hivyo ana choyo. Sasa, ndugu msomaji, dhahabu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka Kilwa! Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika mbele ya Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 likaja kundi jingine chini ya Francisco de Almeida, likauteka mji na kuupora.

Mtu atasema: mawe na dhahabu havina dhambi, na mtazamaji hakupora kitu. Ni kweli. Lakini macho nayo ni amana, na kufurahia pambo bila kutaka kujua limelipiwa na nani ni namna ya kuridhia. Wala sisi wa pwani tusijitoe. Meli kama hizo hufika Unguja pia, na wageni husifu majumba ya Mji Mkongwe na milango yake ya nakshi. Wangapi miongoni mwetu huwaambia kuwa sehemu kubwa ya utajiri ule wa karne ya 19 ilitokana na karafuu zilizolimwa na watumwa? Twapenda Kilwa itajwe Lisbon, lakini mtumwa wa shambani twamtaja kwa sauti ya chini.

Na muda si udhuru. Tramu iendayo Belém, ambako Vasco da Gama amezikwa, hupita karibu na jumba lile la makumbusho, na saa nane zatosha kushuka.