Kidonge Hakina Ngozi

Podo lilining'inia kwenye paa la nyumba ya mzee mmoja huko Mbooni, Makueni, na hakuna mjukuu aliyethubutu kuligusa. Lilikuwa la marehemu baba wa mzee huyo, mwindaji wa Kitui. Sumu ya mishale aliichemsha kwa vijiti vya mti ambao Wakamba huuita kivai, ikawa nzito na nyeusi kama lami. Kila ncha aliizungushia ngozi nyembamba, sumu isikauke wala isimdhuru yeye mwenyewe.

Moyo wa mzee ulipochoka, aliandikiwa digoksini, kidonge kimoja kila asubuhi. Miguu iliyovimba ikanywea, pumzi ikarudi. Akapiga hesabu: ikiwa kimoja kimefanya haya, vitatu vitanirudisha shambani kabla ya mvua ya Novemba.

Siku chache baadaye chakula kilimkinaisha, akatapika. Mbuzi weupe aliwaona wa manjano. Moyo ulidunda mara mbili upesi, ukanyamaza, ukadunda tena.

"Mzee, umekuwa ukimeza vingapi?" daktari aliuliza.

"Vitatu. Kimoja kilinifaa."

Daktari akasimamisha dawa, akamlaza, kisha akamweleza. Seli za moyo zina milango ya kupitisha chumvi. Wa sodiamu hufunguka kwanza, sodiamu ikamiminika ndani, pigo likaanza. Wa kalisiamu hufuata, msuli ukakaza. Mwishowe potasiamu hutoka kwa mlango wake, moyo ukapumzika. Ipo pia pampu, aliyoigundua Jens Skou wa Denmark mwaka 1957: hutoa sodiamu tatu, hurudisha potasiamu mbili, ili milango ipate cha kupitisha tena. Digoksini huizuia pampu hiyo kidogo. Kalisiamu huongezeka ndani, na moyo dhaifu hukaza vizuri. Ukizidisha, chumvi hizi huvurugika, mapigo yakaja bila zamu.

"Na sumu ya kivai?"

"Huzuia pampu hiyo hiyo, mzee."

Mzee akanyamaza kitambo. "Mshale niliuogopa kwa sababu baba aliuvika ngozi. Hiki mlinipa uchi."

Daktari hakubisha. Alichukua kalamu, akaandika juu ya pakiti kwa herufi kubwa: KIMOJA. ASUBUHI. UKIONA MANJANO AU UKITAPIKA, RUDI.

Basi nawe ukipewa dawa ya moyo, usiondoke kwenye dirisha la dawa kabla hujaambiwa umeze ngapi, na ni dalili gani ikurudishe. Usipoambiwa, uliza. Kidonge hakiji na ngozi. Huvikwa kwa maneno.