Mahangaiko ya Moyo: Je, Ni Upungufu wa Imani?



Wengi wetu hapa Kasenga tunalala macho wazi. Tangu usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba na kuchukua watu, mvua kubwa ikianza tu moyo unakwenda mbio. Halafu ziwa nalo likapanda. Ongeza deni la ndagala na minervali ya sekondari. Mama mwenye mzigo huo akisema hapati usingizi, mara nyingi anajibiwa kwamba imani yake ni ndogo, ama anaulizwa ametenda dhambi gani. Basi ananyamaza. Je, jibu hilo ni la haki?

Tusome 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka mbele ya watu wote. Nani atasema hana imani? Lakini Yezebeli anapomtisha anakimbia, anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaketi peke yake jangwani na kuomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji. Akalala tena, akalishwa tena. Swali lilikuja baadaye, kule Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. (Sehemu ya mkate, wahubiri wengi tunairuka.)

Mwili tuliopewa na Muumba una kengele yake. Hatari ikitokea, moyo unapiga kwa nguvu na misuli inakaza, tupate kukimbia au kujitetea. Huo ni msaada. Lakini kengele isiyonyamaza usiku na mchana inakula usingizi, inapandisha tansiyo, inaleta hasira juu ya watoto. Mtu huyo hajamkana Mungu; amechoka. Papa Simon Kimbangu naye, alipoitwa mwaka 1918, alikimbilia Kinshasa. Kazi ya Nkamba ilianza Aprili 1921.

Wengine watasema tunadharau maombi. Hapana, tunaomba na tunafunga. Ila kumwamuru mtu asiyekula wala kulala juma zima afunge siku tatu, hilo hatulioni katika sura hii.

Eliya alidhani amebaki peke yake. Akaambiwa wapo 7,000, akapewa Elisha. Yule mama naye anahitaji mtu wa kumshikia mtoto ili alale kidogo, na wa kwenda naye kwa anayemdai kuomba siku. Na anayesema heri kufa, wazee wamsindikize kituo cha afya siku hiyohiyo, wasimwache aende peke yake.