Je, Kosa ni la Mtoto Peke Yake?

Wazazi, binti yenu huamka usiku kutuma picha katika Snapchat. Baba asema ni ukaidi, mama amtetea, nyumba yakosa amani. Chunguzeni kwanza. Vijana wawili wakitumiana picha siku 3 mfululizo, programu huwawekea alama ya moto na kuwahesabia siku. Saa 24 zikikaribia kwisha, huwaonyesha saa ya mchanga. Wakichelewa, hesabu hukatika. Binti aogopa kuonekana amemtupa rafiki. Urafiki umegeuzwa deni la kila siku. Aliyetega mtego ana lawama kuliko aliyenaswa. Hata hivyo mtoto ana hiari, nayo hukuzwa kwa mfano. Msikilizeni kabla ya kumkemea. Kisha simu zote, zenu zikiwa za kwanza, zilale sebuleni.