Popo wa Kidike Muwaache Walale

Wajukuu zangu, nasikia mnapeana zamu ya manati chini ya miti ya Kidike. Kaeni nikwambieni.

Popo yule mkubwa haonekani pengine duniani ila Pemba hii. Bara lote la Afrika halina jamii yake; ndugu zake wako Mafia, Ngazija, Bukini (Madagaska) na Seychelles, wengine Asia na Australia. Mtazameni mchana anaponing'inia: manyoya rangi ya kutu inayokaribia chungwa, uso na mabawa meusi, na akiyakunjua hufika mita 1.6 ncha kwa ncha. Vile vijipopo vya darini vyala wadudu, mbu wakiwemo, na hujiongoza gizani kwa mwangwi wa sauti zao. Huyu hana ufundi huo. Ana macho na pua tu.

Mnasema anamaliza maembe. Anakula, sikatai; na mashelisheli, na makuyu, na maua ya msufi huyafuata. Ila hufyonza maji ya tunda akatema makapi, na mbegu ndogo za makuyu humpita tumboni akaziacha mbali na mti wa mama. Mikuyu mingi mnayoiona hakuna mtu aliyeipanda.

Embe lenye alama ya meno yake mlitupe, msilimenye wala msilikate upande. Akianguka msimshike kwa mikono mitupu, maana popo huweza kubeba maradhi. Hilo ni la afya, wala msilichanganye na hadithi za yule shetani Popobawa. Mwaka 1995 kisiwa kizima kiliingiwa na hofu, watu wakalala nje, na mnyama huyu hakuwamo katika kesi ile.

Kule bara yuko mwewe anayewinda popo magharibi, akamnasa angani na kummeza papo hapo. Lakini huyo huchagua wadogo. Aliyemmaliza popo wetu ni binaadamu mwenye bunduki ya marisau na hamu ya kitoweo. Kufikia 1989 walidhaniwa wamebaki mia chache tu. Jike huzaa mtoto mmoja, humbeba kifuani. Ukimpiga mama umeua wawili, na pengo hilo halizibiki upesi. Walionusurika wengi walikuwa kwenye makaburi na misitu ya mizimu, ambako wazee waliona haya kufyatua risasi. Mkicheka mizimu chekeni, lakini miti ile ilisimama. Baadaye vijiji vikakubali kulinda, Kidike kimojawapo, na hesabu ya 2007 ikapita 20,000.

Sasa wageni wanatoka Chake Chake kuja kuwaona, na kiingilio wanalipa. Mgeni akitaka mupige makofi ili waruke apate picha, mkatalieni kwa adabu. Mchana ndio usiku wao, na mama akikurupuka mtoto huweza kumponyoka. Mwambieni asubiri magharibi, wataruka wenyewe.