Waipa Iligoma, Tukafika Salama: Je, Nilitenda Dhambi?



Masika iliyopita nilikuwa deiwaka wa Hiace, Vwawa kwenda Tunduma. Asubuhi nilipojaribu waipa, ya upande wangu ikawa inateleza. Nikaisukuma kwa mkono, ikaenda. Nikajua kabisa kuna shida. Lakini gari lilishajaa, na hesabu ya tajiri haisubiri.

Kabla ya Mpemba mvua ikashuka, na mvua ya kwetu si unaijua. Waipa ya abiria inatembea, yangu imelala. Mbele yangu naona taa tu za malori yanayokwenda mpakani. Ningeweza kupaki pembeni. Sikupaki. Nilienda nimeinama upande wa konda, nachungulia kwenye kioo chake.

Tulifika, hakuna aliyeumia.

Jioni fundi akanifundisha. Waipa zikigoma, washa halafu sikiliza. Mota ikinguruma na mikono haitembei, mota ni nzima. Tazama nati za mikono, au vyuma vinavyoiunganisha mikono na mota. Kukiwa kimya, anza na fyuzi, kisha swichi na nyaya, mota iwe ya mwisho. Fyuzi ikiungua, weka ya ampea zilezile. Ikiungua tena usifunge waya hapo, maana kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi, na huo waya utaunguza gari. Kwangu mimi ilikuwa nati tu imelegea. Akaikaza kwa spana, dakika chache, kwisha kazi.

Dakika chache! Hapo ndipo roho ilianza kunisuta.

Rafiki zangu wa VIWAWA wakasema, acha kujitesa, hakuna aliyekufa. Ila someni Kutoka 21. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, na hajawahi kuwa na tabia hiyo, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama alishaonywa na hakumfunga, damu ni juu yake. Ng'ombe ni yuleyule, pembe zilezile. Tofauti ni kwamba mwenyewe alijua. Na mimi nilijua tangu Vwawa. Waipa ingekufa ghafla barabarani, ingekuwa bahati mbaya, nami ningetakiwa kusimama tu.

Katekisimu namba 2269 inasema sheria ya maadili inakataza kumweka mtu kwenye hatari ya kifo bila sababu nzito. Haisemi mpaka afe. Kufika salama kulitegemea yule dereva wa lori aliyebaki upande wake, sio mimi. Siwezi kujipa sifa ya kazi yake.

Je, hesabu ya tajiri ni sababu nzito? Inapunguza lawama, nakubali. Ukikosa hesabu, kesho gari anapewa mwingine, na nyumbani wanakula kwa hilo gari. Lakini abiria kumi na wanne hawakuulizwa kama wanakubali kulipia hesabu yangu kwa maisha yao. (Rozari ilikuwa inaning'inia kwenye kioo cha ndani. Rozari haifuti maji.)

Jumamosi nilikwenda kuungama. Ila kinachonirudia mpaka leo ni mama mmoja aliyeshuka Tunduma na mtoto mgongoni. Alinishika mkono dirishani akasema, "Mungu akubariki dereva, umetufikisha."

Nikamjibu, "Amina, mama."