Droni Ikianguka, Mwenye Rimoti Ajibu

Siku hizi ni nadra kuhudhuria harusi ya ufukweni, iwe Mombasa au Dar es Salaam, usisikie mvumo wa droni juu ya vichwa vya watu. Watoto hunyoosha vidole, bibi harusi hutazama juu akitabasamu. Mimi huwatazama walio chini yake, kisha humtafuta kwa macho kijana mwenye rimoti. Nataka kujua kama naye anawaona.

Maana droni ikianguka, jibu la kwanza huwa lile lile: betri imezima. Nikilisikia hukumbuka habari za ajali za barabarani, ambako breki hufeli na dereva hubaki msafi, kana kwamba hakuna aliyepaswa kuzikagua kabla ya safari.

Betri za droni ni za lithiamu, nyepesi lakini zenye nguvu nyingi, na hazivumilii uzembe. Seli moja ikijaa hufika volti 4.2, ikishushwa chini ya volti 3 huanza kuharibika kwa ndani. Betri ikihifadhiwa majuma mengi ikiwa imejaa, au ikiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, huzeeka upesi, hutengeneza gesi, ikavimba. Mwenye kujua huihifadhi ikiwa na volti kama 3.8 kwa kila seli, mahali pasipo joto, na huichaji akiwa macho, si usiku amelala, kwa sababu seli iliyoharibika inaweza kulipuka moto na kuziwasha za jirani yake. Betri iliyovimba hairushwi tena. Hairushwi hata kama imebaki picha moja tu na mteja ameshalipa.

Ni kweli, yapo makosa ya kiwandani. Novemba 2016 kampuni ya GoPro ya Marekani iliwataka wanunuzi wazirudishe droni zake za Karma, zipatazo 2,500, majuma machache baada ya kuanza kuziuza, kwa kuwa baadhi zilikatikiwa umeme zikiwa hewani. Tatizo lilikuwa kwenye kishikizo cha betri. Oktoba 2018 mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu droni za DJI Matrice 200, kwani baadhi zilizimika angani ilhali rubani alionyeshwa kuwa chaji bado ipo ya kutosha. Na droni yenye rafadha nne haina mabawa ya kuelea hewani. Umeme ukikatika, inashuka moja kwa moja.

Rubani wa namna hiyo simlaumu kwa droni kuzimika. Lakini mamlaka ile haikumtazama mtengenezaji peke yake. Iliwazuia pia marubani kuzirusha droni hizo juu ya watu. Hapo ndipo ninaposimama. Kiwanda kinaweza kukuuzia betri mbovu, ila hakikuchagulii nani awe chini yake. Kuisogeza droni juu ya kundi la watoto ili picha ipendeze ni uamuzi wako, na kasoro ya betri haiufuti.

Sheria zipo. Nchini Kenya na Tanzania mamlaka za usafiri wa anga zinataka vibali, na ni vyema. Ila kibali hakikagui betri asubuhi ya kazi.

Ikishaanguka, rubani mwungwana hukimbilia kwanza waliokuwa chini, si kamera. Hataji betri kabla hajauliza nani ameumia. Kisha huiondoa betri iliyogongwa na kuiweka peke yake, mbali na watu na vitu vinavyowaka, maana inaweza kushika moto baadaye hata ikionekana nzima. Haitii mkobani akaondoka.

Ndugu msomaji, ukimkodi mpiga picha wa droni kwa harusi ya mwanao, mwambie akuonyeshe betri zake kabla hujamlipa. Ukiona moja imevimba, au akikasirika kuulizwa, tafuta mwingine.