Mtu na Nafsi Yake

Ndugu zangu Waislamu, mmoja wetu akiulizwa, "Wewe ni nani?" atajibu nini? Wengi wetu hutaja ukoo, kisha mtaa, kisha kazi. Jawabu hizi ni za kweli, lakini hazitoshi.

Imamu Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058, alilitambua jambo hili tangu ujana wake. Aliona ya kuwa watoto wa Manasara hukua katika Unasara, wa Mayahudi katika Uyahudi, na wa Waislamu katika Uislamu. Akataka kujua: katika haya niliyo nayo, ni lipi nililolijua kwa yakini, na ni lipi nililolishika kwa kuwaiga wazee tu?

Baadaye alipata cheo kikubwa cha kusomesha katika Nidhamiya ya Baghdad. Lakini alipoipekua nia yake aliona kuwa kinachomsukuma ni jaha na sifa za watu. Mwaka 1095 ulimi wake ukafungika asiweze kusomesha, na chakula kikamkataa. Akakiacha cheo, akaondoka. Mwaka 1106 alirudi kusomesha, huko Nishapur. Ila alisema kwamba zamani alifundisha ilimu ya kuchumia jaha, na sasa afundisha ilimu ya kuiacha. Kazi ilikuwa ile ile. Nafsi haikuwa ile.

Na sisi je? Kijana avuaye kofia yake mlangoni pa afisi kwa kuchelea kuchekwa, na mzee asiye na la kujivunia ila nasaba ya babu yake, twadhani ni watu mbalimbali. Maradhi yao ni yale yale: kila mmoja ameiweka nafsi yake machoni pa watu, na macho ya watu hayakai pamoja.

Je, tuyatupe tuliyoyapata kwa wazee? Hasha! Nyumbani na chuoni ndipo nafsi hutiliwa msingi. Lakini msingi si nyumba. Hapana budi mzazi amfunze mwanawe sala na maana yake, wala asimkemee aulizapo, "Kwa nini?" Mtoto anyamazishwaye nyumbani atapokea jawabu ya mtu yeyote njiani.

Katika Surat Al-Hashr, aya ya 19, twaonywa kuwa kumsahau Mwenyezi Mungu humfikisha mtu kujisahau mwenyewe. Basi kila mmoja wetu na ajiulize usiku, akiwa peke yake: watu wasiponitazama, mimi ni nani?

Wallahu aalam.